Usimfute wa Kinanda

Kila kaseti ina vitundu viwili mgongoni, na kwa watu wa Uvira hakuna asiyejua maana yake. Kijino cha plastiki kikishavunjwa, mashine inakataa kurekodi. Mwenye kaseti amekwisha sema: haya yaliyomo yasiguswe. Na hakuna asiyejua dawa yake pia. Unakunja kikaratasi, unaziba kitundu, mashine inadanganyika, nawe unaendelea na mambo yako. Watu hawauiti huo wizi. Kaseti ni chache, ndugu ni wengi, na maneno ya kuwaambia hayaishi.

Kwa hiyo Léonard alipoziba kitundu cha kaseti Jumapili ile ya Januari, mezani kwake Mount Dennis, Toronto, msimlaumu upesi. Sebule ilikuwa imejaa watu tangu ibada ilipokwisha. Moraa, nesi Mkisii waliyesali naye kanisa moja, alikuwa anaondoka jioni ile kwenda Nairobi, na huko alikuwako mchungaji mwenye safari ya Kigoma, hadi kambi ya wakimbizi alikokimbilia mama yake Léonard vita vilipoingia Uvira. Nafasi kama hiyo haiji kila siku. Kilichokosekana ni kaseti tupu.

Léonard alizunguka nyumba nzima akitafuta. Mwishowe macho yake yakaangukia redio kaseti aliyokuwa amemaliza kuitengeneza jana yake. Ilikuwa ya mzee ambaye mke wa Léonard aliajiriwa kumtunza, na ndani yake ilikuwamo kaseti iliyoandikwa kwa wino uliofifia, lugha isiyosomeka. Upande mmoja ulikuwa mtupu. Upande wa pili aliusikiliza kidogo alipojaribu mashine. Piano ilikuwa inagongwa kama mtu anayegombana na mlango, na kelele nyingi nyuma yake. Léonard, fundi redio wa miaka mingi, alikata shauri palepale kwamba ile ni kaseti ya kujaribia spika. Mtu mwenye akili zake asingeketi kusikiliza kitu kama kile kwa hiari.

Basi wageni wakajaza upande mtupu kwa salamu, kila mtu kwa wa kwao kule kambini. Halafu Léonard akaigeuza, akaziba kitundu, akazungumza na mama yake. Aliongea juu ya baridi, juu ya kazi yake ghalani Downsview, juu ya afya, akarudi tena kwenye baridi. Akamwita mkewe Médiatrice kutoka jikoni, naye akaja na sombe, majani ya muhogo, mikononi, akainama, akamsalimu mamamkwe bila kutazama anasalimia kwenye kaseti gani. Mwisho akasukumwa binti yao Aurore, mwenye miaka kumi na minne, asikiaye Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza.

"Jambo, bibi. Ni mie Aurore. Niko muzuri. Bibi, nakupenda." Akamgeukia baba yake. "Okay, that's it."

"Baba Aurore, haki ya Mungu, teksi inaningoja!" Moraa aliita mlangoni.

Kaseti ikaingia katika mkoba wa Moraa, mkoba ukaenda uwanja wa ndege, na watu wakala sombe kwa furaha.

*

Mzee mwenyewe aliitwa Zoltan, Mhungari aliyekuwa karibu haoni kabisa, akiishi peke yake katika ghorofa moja Downsview. Médiatrice alimwogesha, alimpikia, alimsomea barua. Siku ya kwanza kabisa alimwita mista, mzee akakataa. Kwao, alisema, mtu mzima anaitwa bachi, yaani mjomba. Médiatrice alifurahi mno kukuta wazungu wenye adabu hiyo, na tangu siku ile mzee akawa Bachi, nyumbani kwake pia.

Jumatatu alimrudishia redio. Bachi aliipapasa kama mtu anayepokea mtoto kutoka safari, akabonyeza. Kimya. Akafungua, akaingiza kidole.

"Media," alisema. "Ilona yuko wapi?"

Ilona alikuwa marehemu mkewe. Médiatrice aliifahamu habari yake kwa moyo, maana alisimuliwa kila juma. Bartók, mtungaji wa kwao, aliugua akiwa uhamishoni Amerika, na katika ugonjwa ule akatunga konseto, muziki wa piano na okestra, amwachie mkewe aje kuipiga. Kifo kikamkuta amebakiza mistari michache tu. Ilona naye, kabla hawajaikimbia nchi yao, aliipiga konseto hiyo pamoja na okestra, mara moja katika maisha yake, katika ukumbi wa kiwanda. Rafiki yao wa redioni akairekodi. Walipofika Toronto Ilona alishona makoti mpaka akazeeka, na okestra hakuikaribia tena. Ule mkanda wa kwanza uliozea chini ya nyumba kwa unyevu. Ikabaki kaseti hiyo moja iliyonakiliwa kutoka humo, na Bachi aliisikiliza kila siku baada ya chai.

"Imebaki nyumbani, Bachi," Médiatrice alisema. "Kesho nitaileta."

Hakujua kwamba amesema uongo. Aliujua jioni, alipomuuliza mumewe.

"Kaseti gani?" Léonard aliuliza, na kabla hajajibiwa sura yake ilikwisha badilika. "Mais... ile haikuwa ya kujaribia?"

"Baba Aurore. Umeipeleka wapi?"

"Nimemrekodia mama."

Médiatrice aliketi kwenye mkono wa kochi. "Ile ni mke wake," alisema. "Yule unayesikia anapiga ni mke wake. Amekufa. Umemfuta mke wa mtu."

"Sikuifuta yote! Moraa aliniharakisha. Tuliongea kidogo tu, kinachofuata kiko."

"Kiko mpaka mama aisikilize. Halafu?"

Jibu walilijua wote wawili. Kaseti ya salamu haikai. Ukishaisikiliza unarekodi majibu juu ya yale uliyoyasikia, unaijaza mpaka mwisho, unairudisha ilikotoka. Ndivyo walivyozoea, na ndivyo mama angefanya. Kesho yake walipiga simu Nairobi kwa dada yake Moraa, wakaambiwa kaseti imekwisha pokelewa na mchungaji, na mchungaji amekwisha ondoka. Kule kambini hakukuwa na simu ya kumwambia mama asubiri.

*

Léonard alikuwa mtu wa kutafuta njia. Jumamosi alikwenda mjini, kwenye duka kubwa la muziki la mtaa wa Yonge, akamweleza kijana wa dukani kwamba anataka konseto ya Bartók. Kijana akamuuliza ya chombo gani. Ya piano. Kijana akasema ziko tatu, na kila moja imerekodiwa na watu wengi. Anataka ipi, na ya nani? Léonard alisimama pale na koti lake la ghalani, watu nyuma yake wakikohoa.

"Nimechukua ya mwisho," alimwambia mkewe aliporudi. "Mtu akitunga mara tatu, ya mwisho ndiyo inakuwa imekomaa."

"Na tukimpa hii, tumwambie nini?"

"Tusimwambie kitu. Bon, Mama Aurore, haoni. Muziki ni uleule, noti ni zilezile. Mungu mwenyewe anajua hatukukusudia."

Aurore, aliyekuwa anajifanya hasikilizi, aliinua kichwa. "Dad. Seriously?"

Médiatrice hakulipenda shauri lile hata kidogo. Lakini Bachi alikuwa ameacha chai yake ipoe siku zote za juma lile, na mwenye shida hachagui. Jumatatu aliitia kaseti ya duka ndani ya redio, akabonyeza, akasimama kando akishika kitambaa cha vyombo.

Piano ilianza. Bahati ya Léonard, ilikuwa ndiyo yenyewe hasa. Bachi alikaa wima, akatabasamu, kisha tabasamu likaondoka taratibu.

"Nani huyu?" aliuliza.

"Bachi..."

"Anapiga vizuri sana. Anapiga vizuri kuliko Ilona, hilo lazima niseme." Akapapasa, akaizima. "Ilona alikuwa na woga. Siku ile alianza kwa haraka mno, kama anayefukuzwa. Halafu katikati, pale panapotulia, kuna mahali anakosea. Anagusa pasipo pake, anarudi. Miaka yote hii namngoja pale. Nikifika pale najua ni yeye. Huyu bwana hawezi kukosea. Nani kakupa huyu bwana?"

Médiatrice alimwambia. Alimwambia yote, ya kitundu na karatasi, ya Jumapili na wageni, ya mamamkwe kambini, na ya Léonard kutafuta njia. Kiingereza kilimpotea katikati akamalizia kwa Kiswahili, na mzee hakumkatiza.

"Nenda ukaoshe vyombo," alisema mwishowe.

Vyombo vilikuwa vimeoshwa vyote. Médiatrice alikwenda jikoni, akavitoa kabatini, akaviosha tena, huku machozi yakimtiririka katika maji ya sabuni. Aliporudi, Bachi alikuwa amegeuzia kiti dirishani.

"Hiyo kambi," alisema. "Mama yake mumeo analala ndani ya nini?"

"Hema, Bachi."

"Sisi walitulaza kwenye kambi ya jeshi, Austria. Mama yangu alibaki Budapest. Mimi sikumpelekea sauti. Hakukuwa na kitu cha kupelekea." Akamgeukia. "Nimekukasirikia sana, Media. Nitakukasirikia na kesho. Lakini binti yangu Judit asijue. Akijua atakufukuza, na mimi nitaletewa mtu asiyejua kuchemsha yai."

*

Judit alikuwa binti yake pekee, aliyekuwa na nyumba nzuri kule Richmond Hill, mwenye haraka kila saa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na alimwogopea baba yake, na woga wake aliutoa kwa yeyote aliyekuwa karibu. Mwezi wa pili alikuja kupanga mambo ya kuhama, maana Bachi alikuwa amepatiwa chumba katika nyumba ya wazee jirani na kwake. Akaanza kufunga vitu katika maboksi. Haikumchukua muda kugundua kwamba redio ipo na kaseti ya mama yake haipo.

"Baba, iko wapi?"

"Inasafiri," Bachi alisema.

Judit alidhani ni uzee. Akamtazama Médiatrice, aliyekuwa anavaa koti aende zake, akasema kwa upole uliouma kuliko matusi: "Samahani. Naomba uufungue mkoba wako. Nataka tu kuwa na uhakika."

Médiatrice aliufungua. Akatoa kitambaa cha kichwa, Biblia, viatu vya kazini, chungwa, dawa ya Aurore ya kifua, akavipanga mezani kimoja kimoja. Bachi alisikia vikigusa meza.

"Judit, unafanya nini?"

"Hakuna, baba."

Tangu siku hiyo, kila Judit alipokuwapo, Médiatrice aliufungua mkoba mwenyewe kabla hajaombwa, akausimamisha wazi mlangoni. Judit alitazama pembeni, lakini hakumwambia aache. Kisha akatoa neno lake la mwisho. Siku ya kuhama, kama kaseti haijaonekana, atairipoti kwa kampuni iliyomwajiri Médiatrice. Na kampuni zile, neno moja kama hilo likiingia, hakuna mlango mwingine wa mzee utakaofunguliwa tena.

Nyumbani Léonard aliacha kupiga rumba yake. Alikuwa mtu wa maneno mengi, sasa alikula akiitazama sahani.

"Niende mie nimwambie," alisema. "Mwizi ni mie."

"Bachi amekataa. Na wewe si mwizi, ni mjinga. Kula."

Alicheka kidogo kwa mara ya kwanza tangu Januari, naye Médiatrice akamwongezea mchuzi. Alikuwa amemkasirikia sana. Lakini alikumbuka jinsi mumewe alivyoinamia mashine ile Jumapili, akiongea na mama yake kwa sauti ya mtoto, na hasira haikupata pa kukaa.

*

Moraa alirudi asubuhi ya Jumamosi ya kuhama yenyewe. Alikuja Mount Dennis moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, macho mekundu ya usingizi, kaseti mkononi.

"Mama Aurore, hii kitu imenisumbua! Mchungaji aliileta Nairobi jana, nikiwa tayari nimefunga mizigo. Shika, mimi nikalale."

Léonard aliikimbilia redio. Médiatrice akaishika kaseti kwa mikono miwili.

"Hapana. Hatusikilizi hapa."

"Tujue kwanza basi! Tukifika pale na mama amejaza kaseti yote kwa habari za mihogo..."

"Kama Ilona amekufa mara ya pili, tutamzika mbele ya mumewe. Vaa koti. Na weye Aurore, vaa."

Wakapanda basi watatu, kimya, Léonard na kibisibisi chake cha ufundi mfukoni maana hakuwahi kutoka nyumbani bila hicho. Walimkuta Judit katikati ya maboksi na Bachi ameketi katika kiti cha mwisho kilichobaki, kofia kichwani, kama mtu anayengoja treni.

"Bachi," Médiatrice alisema. "Imerudi. Sijui imerudi na nini."

Mzee aliivua kofia. Judit alifungua mdomo aulize, baba yake akainua mkono. Léonard akapiga magoti sakafuni, akachomeka redio ukutani, akarudisha mkanda mwanzo, akabonyeza.

Ilitoka sauti ya mwanamke mzee, karibu mno na mashine, na jogoo nyuma yake.

"Leonari mwana wangu. Ni mie mama yako. Niko mzima, magoti tu."

Léonard alifumba macho. Basi, aliona Ilona amekwisha. Sauti ile ilikuwa imekaa palepale ilipokuwa yake, na mama yake alipenda kuongea.

"Kaseti yenu ilifika. Upande ule watu wa hapa wamesikiliza salamu zao, wamelia, wamecheka. Katekista amesema, mama, sasa tufute umjibu mwana wako. Nikamwambia, upande ule hapana, zile ni za watu, wengine wako kambi ya pili hawajasikia. Akasema basi tufute huu wote. Nikamwambia, ngoja. Sauti ya Leonari ifute. Ile nilimzaa nayo, niko nayo. Ya mke wake ifute, atanisamehe, ni mtoto mzuri. Ya mjukuu usiifute, sijashiba. Na yule anayepiga kinanda nyuma yao, yule usimfute. Katekista akauliza, ni nani? Nikasema simjui. Na ndiyo sababu. Wangu nikiwafuta nitawakumbuka. Yule nikimfuta, nitamtoa wapi?"

Médiatrice alikuwa anafasiri kwa kunong'ona, neno kwa neno, mdomo karibu na sikio la Bachi. Hapo akapandisha sauti kidogo, Judit naye akasikia.

"Leonari, mwambie huyo wa kinanda, jioni katekista anatuwekea, tunamsikiliza wengi. Ana pahali anakosea kidogo, halafu anarudi. Mie nikasema, huyu ni mtu kama sisi. Mungu amlinde. Nimemaliza, nisije nikamgusa."

Mashine ikakwaruza. Ikaja sauti ya mtoto, yenye haya: "Jambo, bibi. Ni mie Aurore. Niko muzuri. Bibi, nakupenda. Okay, that's it." Aurore akaficha uso ndani ya skafu. Halafu kukawa kimya, na kutoka mbali, kama mtu anayeingia chumbani kwa mgonjwa bila viatu, vinanda vya nyuzi vikaanza polepole, na baada yake piano.

Bachi hakusogea. Judit alikuwa ameshika boksi la sahani, akasahau kuliweka chini. Piano ilikwenda, ikasimama, ikaulizwa na okestra, ikajibu. Mara mzee akainua kidole.

"Sasa," alisema.

Ilona akakosea. Akarudi.

Bachi akacheka, na katika kicheko kile akalia, na hakujisumbua kujifuta. Walisikiliza mpaka mwisho, hata pale panapokimbia, ambapo Léonard miezi mitatu nyuma alisikia mlango unagongwa. Sasa alisikia mwanamke anafanya haraka kabla hawajamzuia.

Ilipokwisha, Judit aliliweka boksi. "Sikuwahi kuisikiliza mpaka hapo," alisema. "Kila mara nilimwambia baba apunguze sauti."

Léonard, bado magotini, alianza kuomba msamaha kwa Kiingereza chake cha ghalani. Mwanzo umekwenda, alisema, yeye ndiye aliyeufuta, haurudi. Lakini ni fundi. Anaweza angalau kuondoa maneno ya mama yake na ya binti yake, aisafishe, ianze na piano peke yake.

"Usiguse," Bachi alisema.

"Lakini mzee, ni Kiswahili, hutakielewa..."

"Ilona alikuwa anaogopa kuanza. Siku ile nyuma ya pazia alinishika mkono mpaka kucha zikaingia. Alitaka mtu atoke kwanza, amsemee neno kwa watu." Akapapasa hewani mpaka akalipata bega la Léonard. "Mwache mama atoke kwanza."

Médiatrice alivaa koti ateremshe boksi la kwanza. Kwa mazoea akauweka mkoba wake mlangoni, akaufungua. Judit alikuja, akaufunga zipu, akamtundikia begani.

Léonard alitoa kaseti katika mashine. Akachukua kibisibisi mfukoni, akatia ncha yake kwenye kitundu cha mgongoni, akakichokoa taratibu kile kikaratasi chake cha Januari mpaka kikatoka. Akakitia mfukoni, akamrudishia mzee kaseti yake.